Siku Sufuria Zilipolia Mchana

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mvua ikianza tu kupiga mabati yetu inanirudia yenyewe, bila mimi kuiita. Siku ile nilikuwa peke yangu nyumbani, nikasikia sufuria zinalia huko juu mlimani, nikafunga mlango. Nitakuambia kwa nini nilifunga, na nini kilimpata Papa kwa sababu ya milango iliyofungwa siku hiyo.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Najua mimi ni yaya yako tu, dada yako mkubwa, na wewe, Akonkwa, una miaka minne, uko Bunyakiri unafukuza kuku za bibi yetu, Koko. Lakini Koko kila akitaka kutupa nasaha anaanza hivyo, na sasa Koko ni mgonjwa, Maman yuko kwake anamuuguza, barabara imekatwa na mvua, na humu nyumbani tumebaki Papa na mimi. Aliyezaliwa kwanza ni mimi. Kwa hiyo leo mzee ni mimi, hata kama niko tu mwaka wa tano pédagogique, sekondari ya ualimu, na hata kama darasani professeur akiniuliza swali, naangalia daftari mpaka anamwita mwingine. Kusema siwezi. Kuandika naweza kidogo. Siku utakapojua kusoma, watu watakuwa wamekwisha kukuambia mambo ya Papa kwa njia yao. Nataka uwe na hii pia.

Papa alikuwa mkubwa wa service ya jimbo letu inayoshughulika na hatari: moto, mafuriko, udongo unaoporomoka. Ukisema mkubwa, watu wanawaza gari nzuri na walinzi. Papa alikuwa na ofisi yenye dirisha lililopasuka, gari moja la kuzima moto linalopanda vilima vya Bukavu likikohoa, na vijana wanaovaa gilet za rangi ya chungwa ambao wengi wanafanya ile kazi kwa moyo tu. Lakini sheria haiangalii dirisha. Alikuwa anatueleza hata mezani, kijiko mkononi: kwamba mkubwa wa service ndiye anayepaswa kutoa onyo, ndiye anayeamuru watu watoke mahali pabaya, na ndiye anayefundisha watu alama ya hatari kabla hatari yenyewe haijafika. Likiharibika, ni yeye anayejibu. Maman alikuwa anamkatiza.

"Kula kwanza, sombe inapoa. Sheria haipoe."

Tulicheka sana kwa hiyo. Zamani tulikuwa tunacheka mezani.

Sasa sikia. Ng'ambo ya mfereji, juu kidogo ya kwetu, kuna mteremko tunaouita Kwa Mikaratusi, ingawa mikaratusi yenyewe ilikatwa kabla sijazaliwa. Nyumba zimepandana pale, paa la huyu ndilo kiwanja cha yule. Papa na vijana wake walikuta ufa mrefu kwenye udongo, wakajua kwamba mvua nyingi zikija, pale hapatabaki salama. Akapanga mazoezi. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya wote, wakati kila mtu bado yuko nje na jembe lake akisafisha mifereji, sirène ya gari ingelia, na wote wangefundishwa: ukiisikia, toka, acha vitu, shuka kwenye kiwanja cha chapelle, kanisa letu dogo.

Yalihitajika kweli mazoezi yale, kwa sababu ya namna tunavyoishi hapa. Wewe ulipoondoka hapa ulikuwa bado unabebwa mgongoni, labda hukumbuki. Kwetu sirène ni kitu cha wakubwa. Ikilia, maana yake kuna mtu wa heshima anapita barabarani na magari yake, mengine hayakuhusu. Na sufuria ni kitu cha wezi. Mtu akiona wenye silaha wanaingia kwenye avenue, anapiga sufuria, jirani anasikia na kupiga yake, mpaka mlima mzima unalia. Kila mtu anafunga komeo, anazima taa, anapiga sufuria akiwa ndani, na hafungulii mtu hata akiitwa kwa jina. Hilo tunafundishwa kabla ya sala ya Baba Yetu.

Jumamosi ile ilipofika, kukawa na wageni wakubwa wa kupokelewa Kavumu, na wakuu wote wa service wakaitwa uwanja wa ndege. Tonton Zihindula, adjoint, yaani msaidizi wa Papa kazini, alipita nyumbani asubuhi. Mimi nilikuwa nafagia.

"Chef, we enda tu Kavumu," akasema. "Mazoezi mimi nitayafanya. Mégaphone niko nayo."

"Hapana. Nataka nikuwe pale mimi mwenyewe. Tutafanya samedi ingine."

"Mvua haijue programme yako, chef."

Wakacheka wote wawili. Papa akafunga kravati, akaenda.

Jumamosi nyingine haikutukuta kama tulivyokuwa. Katikati ya wiki, nimetoka shule, mvua ilianza, ile nzito inayofanya mchana uwe kama jioni. Nilikuwa nachambua maharagwe, Papa yuko kazini, Maman na wewe mmekwisha kwenda kwa Koko. Nikasikia sirène chini barabarani. Nikajiambia, wakubwa wanapita, na katika mvua hii! Ikalia muda mrefu. Sikuinua hata kichwa. Halafu juu, Kwa Mikaratusi, ikalia sufuria moja. Halafu nyingine. Halafu zote. Nikafunga komeo, nikasukuma meza mlangoni, nikachukua sufuria ya Maman na mwiko, nikaingia chini ya meza na mimi nikapiga. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, mwanangu. Mimi, mtoto wa yule ambaye kazi yake ni kuwaambia watu watoke.

Kisha kukaja sauti kama ya lori linalomwaga mawe, lakini haikuisha upesi. Ilipoisha, sufuria zilikuwa zimenyamaza.

Yaliyotokea tulikuja kuyajua baadaye. Vijana wa Papa walifika na gari mpaka linapoweza kufika, wakaliza sirène, hakuna aliyetoka. Wakapanda kwa miguu, lakini kwa kelele za mvua juu ya mabati nani angewasikia? Muzee Mushagalusa, chef wa avenue, mkuu wa mtaa wa kule juu, aliwaona wanahangaika. Yeye alijua kwamba udongo unakuja. Alitaka kusaidia. Akachukua kitu pekee ambacho watu wake wanakisikia, akapiga sufuria. Na watu wake, badala ya kutoka, wakafunga.

Vijana wakaenda mlango kwa mlango wakigonga na kujitaja. Wengi walitambua sauti, wakafungua, wakatoka. Kwenye nyumba ya mwisho alikuwemo Neema, wa darasa la sita primaire, mama yake akiwa sokoni. Kijana wa service alimwita: fungua, mutoto, udongo unakuja! Naye akajibu kutoka ndani, vizuri kabisa, kwa adabu: "Maman alikataza nisifungulie mutu." Kijana alikuwa anasukuma mlango kwa bega wakati mteremko ulipowajia. Yeye walimtoa mkono ukiwa umevunjika. Neema walimtoa jioni.

Nilimjua. Tulikuwa tunakutana kwenye bomba la maji. Yeye alikuwa anaongea na mimi nasikiliza: nani kamnyang'anya nani nafasi kwenye foleni, na jinsi kaka yake alivyoweka chumvi kwenye chai. Hakunisubiri nijibu, na hakuona kwamba ni ajabu nisipojibu. Watu wa namna hiyo si wengi, mwanangu. Tangu hapo nachota maji kimya.

Papa alirudi nyumbani amejaa tope mpaka kiunoni. Hakunawa. Aliketi akaangalia meza, ambayo nilikuwa bado sijairudisha mahali pake.

"Nsimire," akasema, "uliposikia sirène ulifanya nini?"

"Hakuna kitu, Papa."

"Na sufuria?"

Nikatamani kudanganya. Lakini Papa akiniangalia siwezi.

"Nilifunga. Nikapiga na mimi."

Hakunikemea. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, ulikuwa baridi na mzito. Nafikiri ni pale alipoamua kusema yote mwenyewe. Baadaye nililia sana nikidhani ni jibu langu lililomponza. Leo najua kwamba sikumpa kitu ambacho hakukijua.

Baada ya mazishi, maneno yakaanza kutembea. Kwamba aliyemuua mtoto ni Muzee Mushagalusa na sufuria yake. Yule mzee akaacha kutoka nje, hata misa haji. Na Papa akaitwa parquet, kwa waendesha mashtaka, aende kujieleza. Jumapili Tonton Zihindula akaja, akakataa hata kuvua koti.

"Chef, sikia. Ule muzee, nani alimutuma apige sufuria? Hakuna mutu. Hakukuwa ordre. Useme ivyo tu, na inaisha."

"Na mimi nilimupa nini ingine ya kupiga?"

"Aah, chef! Sirène ililia. Batu njo balikataa kutoka."

"Balikataa? Nani aliwaambia maana yake? Ata mutoto yangu, anakula kwangu, analala kwangu, alifunga mlango."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai cha tonton. Nilitaka ardhi inimeze.

"Ile samedi hatutaisema," tonton akasema polepole. "Ni mimi na wewe tu tunajua. Mimi sitasema."

"Mimi nitasema. Sheria haikumuchagua Mushagalusa, Zihindula. Haikukuchagua wewe. Ilinichagua mimi, na nilifurahi siku ile walinichagua, nilikunywa hata bia ya Primus."

Tonton akaangalia chini. "Uko mutu mugumu," akasema. Chai yake aliiacha.

Alipoondoka, nikamuuliza Papa swali ambalo lilikuwa tumboni kwangu tangu asubuhi.

"Papa, na bakikufunga?"

"Utanileteya sombe."

"Sijue kupika sombe."

"Basi nitateseka kweli."

Tulicheka kidogo. Halafu hatukucheka tena.

Alikwenda, akasema yote: ufa aliokuwa ameuona, mazoezi aliyoyaahirisha, adjoint aliyejitolea na yeye akakataa kwa sababu alitaka watu wamwone yeye na mégaphone. Hilo la mwisho hakuna aliyemuuliza. Wakamwondoa kazini. Hawakumfunga, mpaka leo, lakini hawezi kutoka mjini, na kila Jumatatu anavaa koti lake anaenda parquet kujionyesha, kisha anasubiri. Ndiyo maana hakuja Bunyakiri kukuona. Usije ukafikiri kwamba hakutaka.

Nilidhani mtu akisema ukweli, watu wanamkaribia. Siyo hivyo. Wale waliokuwa wanakuja nyumbani kila jioni na "Chef, nilipita tu kusalimu" wakasahau njia. Simu ya Papa, ambayo Maman alikuwa anatishia kuitupa ziwani kwa kulia-lia kwake, ikanyamaza. Anaichaji hata hivyo. Kanisani, ukitukuta tumeketi, utaona benchi letu lina nafasi na benchi la nyuma watu wamebanana. Shuleni wakaniita Sirène. "Eh, Sirène, papa yako amelala tena?" Mimi, unanijua. Nilijibu nikiwa nimefika nyumbani, peke yangu, na majibu mazuri sana.

Jioni tunakula Papa na mimi. Yeye anaangalia ukuta, mimi naangalia sahani. Siku nyingine network inakubali, tunasikia sauti yako ukimwambia Maman kwamba umeona nyoka, halafu inakatika, na nyumba inakuwa kubwa kuliko mwanzo.

Wakamweka Tonton Zihindula kwenye nafasi ya Papa, na Jumamosi ya kwanza baada ya salongo akafanya yale mazoezi. Sirène ikalia. Papa alikuwa bado na beleshi mkononi. Akaliweka chini, akanishika mkono kama mtoto mdogo, tukashuka mpaka kiwanja cha chapelle pamoja na watu wote. Wote walitoka, hata wazee, hata wagonjwa wakibebwa. Tukasimama. Na kutuzunguka kulikuwa na nafasi tupu, kama vile tuna ugonjwa. Watu wameminyana huko, sisi wawili hapa. Tonton kwenye mégaphone alikuwa anaeleza, akaepuka kuangalia upande wetu. Nilitaka kukimbia. Papa alikuwa anawahesabu watu kwa macho, avenue kwa avenue.

"Wametoka wote," akaniambia kwa sauti ndogo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepona na aliyeumia kwa wakati mmoja. Sina neno lingine.

Basi siku moja mchana, nimetoka shule, mtu akabisha hodi. Tulikuwa tumesahau namna mlango unavyobishwa. Nikafungua, nikamwona mama yake Neema. Alikuwa amejifunga kitenge cha matanga, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Papa akasimama. "Karibu, Maman."

Wakaketi. Nikamletea yule mama chai, hakuigusa. Nilitaka kutoka, lakini ningepita mbele yake.

"Nilikuya kukutukana, Papa Nsimire," akasema. "Matusi nilipanga njia nzima."

"Sema tu, Maman."

"Imepotea."

Akaanza kukunja ncha ya kitenge, akaifungua, akaikunja tena.

"Banasema ni Mushagalusa. Bengine banasema ni wewe. Mimi sikukuya juu ya ile. Nilikuya kukuuliza kitu, na uniambie kweli, kwani wewe unajua sheria. Mimi njo nilimukataza kufungua. Kila siku mbele ya kwenda soko. Nilimuambia, ukisikia sufuria funga, ata akuite nani. Alikuwa mutoto wa kusikia." Akaiachia ncha ya kitenge. "Ni mimi?"

Papa aliondoka kwenye kiti, akaja akachuchumaa mbele yake, yeye ambaye goti lake linamsumbua.

"Hapana, Maman. Ulimufundisha vizuri. Ulimufundisha hatari yenye ulikuwa unaijua. Hii ingine ilikuwa kazi yangu kukufundisha, wewe na yeye. Sheria ilinipa mimi ile kazi, haikukupa wewe. Sikuifanya. Nilisema mbele ya magistrat, nasema mbele yako. Siyo wewe."

"Sema tena."

"Siyo wewe, Maman. Ni mimi."

Akalia. Papa alibaki amechuchumaa. Mimi nililia ukutani, kimya, sikutaka kuwasumbua.

Alipomaliza alijipangusa, akavaa viatu vyake. Mlangoni akageuka.

"Sikukusamehe."

"Najua."

"Nitarudi kukuuliza tena."

"Kuya tu, Maman. Siku yoyote."

Na anarudi. Siyo kila wiki, lakini anarudi. Anauliza swali lilelile, Papa anajibu jibu lilelile, naye anaenda nyumbani akiwa amesimama wima zaidi kidogo kuliko alivyokuja. Ndiye mgeni pekee tuliye naye.

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Kama Papa angesema ni Mushagalusa, mzee angesema ni kijana ambaye hakuvunja mlango haraka. Kijana angesema ni mtoto aliyekataa kufungua. Na mtoto alikatazwa na nani? Lawama inashuka mlima kama maji ya hapa kwetu, haikai juu, inatafuta aliye chini kabisa. Ingefika kwenye nyumba ya yule mama, na kule hakuna wa kumwambia siyo wewe.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, ya yaya asiyejua kuongea mbele za watu. Siku moja labda watakupa ukubwa. Hata ukiwa mdogo: chef wa darasa, mkuu wa korali kanisani, mlinzi wa ghala. Kabla ya kufurahi, uliza ni kitu gani utajibia kikiharibika. Kazi ambayo mwingine anaweza kuifanya leo, usiizuie mpaka kesho ili uonekane wewe. Wafundishe watu mapema, na uanze na wa nyumbani kwako. Na likiharibika, usiseme nani alishika sufuria. Simama, liishie kwako. Utabaki peke yako, sitakudanganya. Benchi litakuwa na nafasi. Lakini mtu aliyeumizwa kuliko wote atajua mahali pa kwenda kuuliza.

Mungu akukuze, Akonkwa wangu. Akupe masikio ya kusikia onyo, na kinywa cha kulitoa kwa wakati. Akupe ukubwa unaotosha mabega yako, usizidi. Na siku utakayosimama mahali ambapo hakuna anayetaka kusimama karibu nawe, akupe hata mtu mmoja wa kukushika mkono. Nikiwa bado hai, nitashuka mpaka hapo, mbele ya watu wote, na aibu yangu yote, nikushike mimi.